Magomed wa Kaukazi, Mohamedi wa Magomeni

Vijana wanaofuatilia ndondi na mieleka ya mchanganyiko wanalijua jina la Khabib Nurmagomedov. Ni Mdagestani, Muavari kwa kabila, aliyezaliwa mwaka 1988 na kustaafu mwaka 2020 akiwa na ushindi 29 bila kushindwa hata mara moja. Wanaolitamka jina lake kwa fahari ni wengi, ila wachache husimama kulichambua. Tulifungue kama tunavyofungua tungo: *Nur*, kisha *Magomed*, kisha *-ov*. Sehemu ya kwanza ni nuru. Ya mwisho ni kiambishi cha Kirusi chenye kazi ya *wa* au *bin* yetu. Ya katikati ndiyo mada ya makala haya, kwa kuwa *Magomed* si jina jingine ila Muhammad, lililovaa kanzu ya Kaukazi na kofia ya Kirusi. Likivushwa hadi pwani ya Mtwara, jina lote lingekuwa Habibu wa Nuru-Mohamedi, na mwenyewe angeitika bila kusita.

Pale Mtwara Mikindani ipo kata iitwayo Magomeni. Sikio likisikia *Magomed* na *Magomeni* kwa mfululizo huweza kudhani limepata undugu. Tuliondoe dhana hiyo mapema. Magomeni ni *gome*, likachukua *ma-* ya wingi na *-ni* ya mahali: kwenye magome ya miti. Jina hilo ni la Kibantu tangu kichwani hadi miguuni, kama lilivyo la Magomeni ya Dar es Salaam. *Ma-* ya Magomeni ni kiambishi cha ngeli. *Ma-* ya Magomed ni mabaki ya *mu-* ya Kiarabu, ile inayounda jina la mtendwa: mwenye kusifiwa, tena kusifiwa sana. Kufanana kwa sauti hakutoshi kuthibitisha nasaba. Hata hivyo, ajali hii ya sikio ina faida, maana inatuweka mlangoni mwa swali lenye uzito: jina moja likienda pande mbili za dunia, nani hulipa sura yake mpya, mdomo wa wenyeji au kalamu ya mtawala?

Mzizi wa herufi tatu

Mzizi wa jina ni *h-m-d*, wenye maana ya sifa na shukrani. Kiswahili kimeupokea mzizi huu kwa mikono miwili. Tunahimidi, tunasema Mola ahimidiwe, tunashukuru kwa alhamdulillahi. Katika majina ya watu tuna Muhamadi, Mohamedi, Ahmadi, Hamadi, Hemedi, Mahmudu, Hamidu na Hamida, wote watoto wa tumbo moja. Tena Hamadi limetoka katika orodha ya majina likaingia katika maisha ya kila siku. Mtu akijikwaa, anayemwona hupaza sauti, "Hamadi!" Na wahenga wakasema: hamadi kibindoni, silaha mkononi. Hapo hamadi ni akiba, kitu cha kukufaa siku ya dhiki. Si majina mengi ya watu yaliyopata heshima ya kuwa kiitikio cha mkwao na pia methali ya uchumi.

Huko Kaukazi mzizi huohuo umezaa ukoo mkubwa vilevile. Imamu wa kwanza wa Dagestan katika vita vya kuupinga ufalme wa Urusi alikuwa Ghazi Muhammad, aliyeuawa mwaka 1832 katika kijiji cha Gimry. Vitabu vya Kirusi humwita Gazi-Magomed. Akafuatwa na Hamza, anayeandikwa Gamzat-bek, kisha Imamu Shamil, aliyeongoza tangu 1834 hadi alipojisalimisha Gunib mwaka 1859. Shamil alizaliwa mwaka 1797 akaitwa Ali. Alikuwa mtoto wa maradhi, wazee wakambadilisha jina ili ugonjwa umpoteze njia, na kwa jina hilo jipya akapata afya na baadaye umaarufu. Alifariki Madina mwaka 1871. Wasomaji wa pwani hawatalistaajabia jambo hilo, kwani kumpa mtoto jina la kumkinga na balaa ni ada inayojulikana pia kwetu.

Washairi nao wamo. Rasul Gamzatov, aliyeishi kati ya mwaka 1923 na 2003, alitunga kwa Kiavari, lugha ya milimani yenye wasemaji wachache ukiilinganisha na Kirusi, na sifa zake zikaenea katika Umoja wa Kisovieti wote. Baba yake, Gamzat Tsadasa, alikuwa mshairi pia. Ondoa *-ov*, kisha urudishe *h* mahali pake, utampata Rasuli wa Hamza. Mwanamuziki Muslim Magomayev, aliyezaliwa Baku mwaka 1942 na kufariki mwaka 2008, alirithi jina zima la babu yake, mtunzi wa muziki aliyefariki mwaka 1937. Ukoo wao unatokana na Magoma, kifupi cha Magomed, kama sisi tunavyomfupisha Mohamedi kuwa Mudi au Medi.

Herufi iliyopotea njiani

Kwa nini *h* ikawa *g*? Jibu liko katika Kirusi. Lugha hiyo haina sauti ya *h* kama yetu, na kwa muda mrefu waandishi wake walizoea kuiandika *h* ya kigeni kwa herufi ya *g*. Ndiyo maana Hamlet wa Shakespeare huitwa Gamlet kwa Kirusi, na mji wa Hong Kong huitwa Gonkong. Waavari wenyewe wana *h* ya kooni na wanaitamka barabara. Nyumbani mtoto huitwa kwa sauti iliyo karibu sana na Muhamad ya Kiarabu. Akienda shule, jeshini au ofisini, karatasi humwita Magomed. Mtu mmoja akawa na majina mawili: la mdomo wa mama na la kalamu ya karani.

Zamani hali haikuwa hivyo. Kabla ya karne ya 20, wasomi wa Dagestan waliandika kwa hati ya Kiarabu, na hata lugha zao za milimani waliziandika kwa hati hiyo, wakiiita ajamu. Mwaka 1928 serikali ya Kisovieti iliwapa hati ya Kilatini. Miaka kumi baadaye, mwaka 1938, ikawaletea hati ya Kirusi. Babu, baba na mwana wangeweza kuishi nyumba moja na kila mmoja akaandika jina lake kwa hati asiyoisoma mwenzake.

Msomaji wa Kiswahili atauona mfano wake hapo. Sisi pia tuliandika kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Tendi, barua za wafanyabiashara, nasaba na hati za mashamba, vyote vilipita katika hati hiyo. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mmoja wa waandishi mahiri wa miswada ya tendi, aliandika jina lake kwa herufi nne tu: mimi, ha, mimi, dali. Mwanachuoni wa Gimry aliliandika jina hilo kwa herufi nne zilezile. Laiti karatasi ya mwalimu wa chuo cha Mikindani ingefika Dagestan mwaka 1850, jina lililoandikwa juu yake lingesomwa bila mkalimani. Tena wangekutana katika mengi mengine. Waislamu wa Dagestan, kama wa pwani yetu, kwa wingi wao hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kitabu cha Minhaji cha Imamu Nawawi kilisomwa huku na huko. Zikri za Kadiria zilienea Chechnya kwa juhudi za Kunta-Haji, na zikaenea pia Lindi na pwani ya kusini mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20.

Hati ya Kiarabu ilikuwa na hekima iliyojificha. Kwa kuwa irabu fupi haziandikwi kwa lazima, karatasi ilibeba mifupa ya jina, na kila kabila likaiongezea nyama kwa ulimi wake. Muavari alisoma kwa sauti yake, Mswahili kwa yake, na wote hawakuihitilafu herufi hata moja. Hati zilipobadilishwa, mifupa na nyama vilikaushwa pamoja juu ya karatasi, na aliyeshika kalamu ndiye aliyeamua nyama ikae vipi.

Irabu ya mwisho na kazi yake

Kiswahili hakipendi silabi kufungwa kwa konsonanti. Neno la kigeni likibisha hodi kwa *d*, *n* au *b* mwishoni, tunalikaribisha kwa irabu. Mara nyingi sauti za midomo, yaani *b*, *f* na *m*, huvuta *u*: Rajabu, Yusufu, Salimu, Habibu. Nyingi za nyingine huvuta *i*: Saidi, Hasani, Jafari, Ismaili, Idrisi, Mohamedi. Mahmudu hufuata irabu iliyotangulia. Hakuna mtawala aliyeitunga kanuni hii. Imetungwa na wanawake waliowaita watoto wao ufukoni jioni, na mabaharia waliopokezana majina kutoka bandari hadi bandari, Kilwa, Lindi, Sudi, Mikindani, hadi mdomo wa Ruvuma.

Kwa mshairi, irabu hiyo si pambo. Ni mzani. Mo-ha-me-di ni mizani minne, sawa na Mu-ha-ma-di, umbo linalopendwa na tendi. Mizani minne ni nusu kamili ya kipande chenye mizani minane. Mtunzi akilitumia jina hilo amekwisha kuweka nusu ya jengo, na nusu iliyobaki anaweza kuijaza kwa sifa au nasaba. Tazama mshororo huu nilioutunga kwa ajili ya mfano:

*Mohamedi wa Mtwara, mbona jina walikata?*

Ukwapi una mizani minane, utao una mizani minane. Sasa kata irabu, uandike Mohamed wa Mtwara. Kipande kimebaki na mizani saba na konsonanti moja inayoning'inia bila kiti. Msomaji atalazimika kuirudisha *i* kwa mdomo ili wimbo usichechemee, na hapo karatasi imekuwa mwongo mbele ya sikio.

Vina navyo vina madai yake. Hasani hupata kina cha *ni* na kukaa kwa raha na Magomeni, pwani na moyoni. Mohamedi hupata kina cha *di* na kuungana na ahadi, juhudi na ada ya maskadi. Uhusiano wa jina na kina ni wa kale katika pwani ya kusini. Masultani wa Kilwa waliofua sarafu za shaba waliandika jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yaliyopatana naye kwa kina. Sarafu iliyopita mkononi mwa mchuuzi wa samaki ilikuwa na ubeti mfupi. Kina chake kilikuwa cha Kiarabu, kilichofungwa kwa konsonanti. Baadaye majina hayohayo yalipopata irabu, yakapata pia uraia katika bahari ya vina vya Kiswahili.

Jina lililopewa kwa nguvu

Kaukazi na pwani yetu zimewahi kukutana ana kwa ana, na mkutano wenyewe ulikuwa wa huzuni. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886 anaeleza kwamba mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi kutoka Kaukazi, aliyetekwa angali mtoto na kufikishwa katika jumba la Sultani kama suria. Jina Jilfidan linafanana na Gülfidan la Kituruki, mche wa ua. Kalamu ya Kiarabu, isiyokuwa na *g*, iliigeuza kuwa *j*. Huku Mrusi alimpa Hamza *g* asiyokuwa nayo, kule Mwarabu alimwondolea Gülfidan *g* aliyokuwa nayo. Salme mwenyewe alibatizwa Aden mwaka 1867, akaitwa Emily.

Upande wa bara, njia za utumwa zilizoishia Kilwa na Mikindani ziliacha majina yao. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewaongoza wapelelezi wa Kizungu katika nusu ya pili ya karne ya 19, alitekwa akiwa kijana, akauzwa hadi Uhindini, na akarudi Afrika akibeba jina la baraka na jina la mji wa ng'ambo. Jina alilopewa na mama yake lilibaki nyuma pamoja na kijiji. Katika orodha za wapagazi wa zama hizo wamejaa akina Mabruki, Baraka, Feruzi na Almasi, majina mazuri ya heri na vito, ambayo mara nyingi yalichaguliwa na mnunuzi.

Mifano hii inatufundisha kupambanua. Jina la kigeni peke yake si minyororo. Mohamedi ni la kigeni kwa asili, lakini wenyeji wa pwani walilipokea kwa imani, wakalilainisha kwa ulimi wao na kuwapa watoto wao kwa mapenzi. Tofauti ya uhuru na utumwa wa jina haiko katika lugha lilikotoka. Iko katika mkono uliolitoa na ulimi ulioliumba.

Karatasi ya leo

Suala hili halikuishia katika karne ya 19. Kiswahili Sanifu kilipowekewa kamati yake mwaka 1930, tahajia ya maneno ilipata msimamizi, lakini majina ya watu yaliachwa yajitafutie njia. Mtwara mjini ilikua haraka baada ya mwaka 1947, ulipoanza mradi wa karanga na kufuatiwa na ujenzi wa bandari na reli. Vibarua waliandikishwa kwa wingi, na kila karani aliandika alivyosikia au alivyofundishwa. Ndipo utakuta ndugu wa baba mmoja, mmoja Mohamedi, wa pili Mohamed, wa tatu Muhammad.

Kwa sikio hawa ni ukoo mmoja. Kwa ofisi ni watu watatu. Cheti cha kuzaliwa kikisema Mohamedi na cheti cha shule kikisema Mohamed, mwenyewe hutakiwa kula kiapo mbele ya wakili kwamba yeye ni yeye. Hulipa fedha na siku ili kuthibitisha irabu moja. Mirathi ya shamba la minazi au mikorosho huweza kusimama kwa sababu ya *i*. Na katika kutafuta usalama wa karatasi, familia nyingi huchagua umbo linaloonekana la kisomi zaidi, yaani lile lisilokuwa na irabu. Taratibu tunaanza kufanana na yule Muavari: jina la mdomo huku, la karatasi kule.

Wapo wanaosema umbo sahihi ni Muhammad tu, na kwamba Mohamedi ni kuliharibu jina tukufu. Hoja yao yatoka katika heshima, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Katika kisomo na sala, jina la Mtume litamkwe kama lilivyopokewa. Lakini umma wa Kiislamu haujawahi kuwa na umbo moja kwa wanaoitwa kwa jina lake. Waturuki wana Mehmet, na wengi wao huliona umbo hilo kama adabu, ili mtu wa kawaida akikaripiwa sokoni lisikaripiwe jina la Mtume lenyewe. Senegal na Mali wana Mamadou. Wasomali walipochagua hati ya Kilatini mwaka 1972 waliandika Maxamed, wakiitumia *x* kwa *h* ya kooni, na dunia yote imezoea. Wao walichagua wenyewe. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, alikuwa mjuzi wa dini na Kiarabu, na jina lake la Kiswahili halikumpunguzia elimu wala uchamungu.

Kwa hiyo ombi langu kwa washairi ni dogo. Tunapotunga, tuyaandike majina kama yanavyotamkwa na wanaoitwa, irabu zake zote zikiwa mahali pake, ili mizani ikamilike na karatasi ikubaliane na sikio. Tunaposahihisha kazi za vijana, tusiwakatie Saidi kuwa Said kwa kudhani tunawafundisha adabu ya uandishi. Na wazazi wanaokwenda kuandikisha watoto, walitamke jina kwa ukamilifu, wasubiri liandikwe, kisha walisome herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani.

Kule Dagestan wapo leo wanaojaribu kurudi nyuma, wakiwaandikisha watoto Mukhammad mahali pa Magomed. Safari hiyo ni ndefu, kwa kuwa kila cheti cha baba kinakinzana na cha mwana. Sisi wa Magomeni, Mikindani na Msimbati bado hatujafika huko. Jina letu lingali hai midomoni, na irabu yake ya mwisho ingali inasikika kila anapoitwa mtu kutoka ng'ambo ya uwanja: Mohamediii! Wito huo hauwezi kuvutwa juu ya *d*.